Lugha Sabini Kichwani, Sarufi Moja Mkononi: Makadinali Watatu wa Karne ya 19 na Mizani ya Msomi wa Lugha

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu hutajwa penye biashara, lakini maana yake haikomi kwenye fedha. Elimu nayo ni mali, na ujuzi wa lugha ni sehemu kubwa ya mali hiyo. Mtu aliyejaliwa kuijua lugha, naye asiache nyuma andiko, mwanafunzi wala chombo chochote cha kumfaa atakayekuja baada yake, huondoka duniani na hazina yake. Waliobaki hubakia na masimulizi tu.

Makala haya yanaichunguza kauli hiyo kwa kuyatalii maisha ya makadinali watatu wa Kanisa Katoliki. Wa kwanza ni Ercole Consalvi (1757–1824), mwanadiplomasia wa Papa aliyejadiliana na Napoleon. Wa pili ni Giuseppe Mezzofanti (1774–1849), ambaye hadi leo hutajwa kila panapozungumziwa watu waliojua lugha nyingi kupita kiasi. Wa tatu ni Guglielmo Massaia (1809–1889), mmisionari aliyefanya utume wake miongoni mwa Waoromo wa Ethiopia. Watatu hawa walitofautiana kwa nasaba, kwa tabia na kwa kazi. Hata hivyo, kila mmoja wao aliishi kwa lugha, na kila mmoja alifikia cheo kilekile cha kuvaa kofia nyekundu.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba, kati ya watatu hao, yule anayesifiwa zaidi na wapenzi wa lugha ndiye anayepaswa kuigwa kwa tahadhari kubwa zaidi. Mezzofanti alizijua lugha nyingi na akaziachia kidogo mno. Consalvi na Massaia, ambao ni nadra kutajwa katika madarasa ya lugha, ndio wanaoonyesha kazi hasa ya msomi wa lugha ni ipi: kulilinda neno lililoandikwa lisipotoshwe, na kuiundia lugha chombo kitakachodumu baada ya fundi wake kuondoka.

Ngazi ya kuifikia kofia nyekundu

Msomaji wa leo akisikia neno kadinali humfikiria askofu mkuu wa jimbo fulani. Katika karne ya 19 mambo hayakuwa hivyo daima. Papa alikuwa kiongozi wa dini na papo hapo mtawala wa nchi. Dola la Papa lilienea katikati ya Italia hadi majeshi ya Ufalme wa Italia yalipoingia Roma tarehe 20 Septemba 1870. Dola hilo lilihitaji magavana, mahakimu, makatibu na mabalozi kama dola jingine lolote. Kwa sababu hiyo, mtu aliweza kusomea sheria, akatumikia ofisi za Roma, akawa kadinali na kufa akiwa shemasi tu, bila kupewa daraja ya upadri. Ni sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliyoamuru kwamba kila kadinali awe angalau padri.

Njia iliyozoeleka ilijulikana. Kijana wa ukoo wenye jina alipelekwa katika chuo cha makleri wa kiungwana kilichoanzishwa Roma mwaka 1701. Baadaye alipewa mkoa autawale, kisha akatumwa nchi za nje kuwa balozi wa Papa. Akirejea salama, kofia nyekundu ilimngoja. Mfano mzuri ni Gioacchino Pecci. Aliingia chuoni humo mwaka 1832, akatawala Benevento kuanzia mwaka 1838 na Perugia kuanzia mwaka 1841, akawa balozi mjini Brussels kati ya mwaka 1843 na 1846, akafanywa kadinali mwaka 1853 na hatimaye akachaguliwa kuwa Papa mwaka 1878 kwa jina la Leo XIII. Msomaji amweke Pecci akilini, kwani atarejea katika kisa cha Massaia.

Consalvi alikuwa mwana wa ngazi hiyo. Mezzofanti na Massaia hawakuwa. Mmoja alikuwa mtoto wa seremala, mwingine mtoto wa wakulima. Wawili hao walipandishwa na kitu ambacho ukoo hauwezi kumrithisha mtu: jitihada zao katika lugha za watu wengine.

Consalvi: msomaji asiyehadaika

Ercole Consalvi alizaliwa Roma, akasomea sheria na akapanda katika ofisi za Papa hadi akawa katibu wa baraza la makadinali lililokutana Venice kumchagua Papa mpya kati ya mwaka 1799 na 1800. Pius VII, aliyechaguliwa katika baraza hilo, alimfanya kadinali na Katibu wa Dola. Mwaka uliofuata, 1801, alitumwa Paris kukamilisha mapatano na Napoleon, ambaye wakati huo alikuwa Konsuli wa Kwanza wa Ufaransa. Mapinduzi yalikuwa yameliparaganya Kanisa la nchi hiyo. Napoleon alitaka amani ya kidini kwa masharti yake mwenyewe, na Papa hakuwa na jeshi la kumzuia.

Silaha pekee ya Consalvi ilikuwa maneno. Mvutano mkubwa ulikihusu kifungu cha kwanza, kilichosema kwamba ibada za Kikatoliki zitafanywa hadharani kwa kufuata kanuni za serikali. Consalvi alitambua kwamba kifungu hicho kikiachwa wazi, serikali ingeweza kuifunga ibada yoyote kwa kisingizio cha kanuni. Alishikilia kwamba kanuni hizo ziwe zile tu zinazohitajika kwa ajili ya utulivu wa umma. Kwa asiyejali lugha, nyongeza hiyo ni kama chumvi kidogo katika chungu. Kwa Consalvi ilikuwa mpaka kati ya uhuru na utumwa.

Kwa mujibu wa kumbukumbu alizoziandika mwenyewe, siku ya kutia saini aliletewa nakala iliyodaiwa kuwa ndiyo iliyokubaliwa. Badala ya kuitia saini kwa kuwaamini wenyeji wake, aliisoma. Akaona kwamba maneno yaliyomo siyo waliyoafikiana. Alikataa kutia saini, mazungumzo yakaanza upya na kuendelea usiku kucha. Anasimulia pia kwamba Napoleon alipopata habari alighadhibika na kumtisha mbele ya wageni karamuni. Mkataba ulitiwa saini usiku wa tarehe 15 Julai 1801, ukiwa na vifungu 17, na mpaka wa Consalvi ulikuwamo ndani ya kifungu cha kwanza.

Haifai kumfanya malaika. Mwaka 1802 Napoleon aliutangaza mkataba huo pamoja na vifungu vingine 77 vya kulidhibiti Kanisa, ambavyo Roma haikuwa imeshauriwa juu yake. Mwenye nguvu akishindwa ndani ya matini huongeza matini ya pili pembeni. Isitoshe, mwaka 1806 Consalvi alilazimika kuacha ofisi kwa shinikizo la Napoleon. Mwaka 1810 alikuwa mmoja wa makadinali 13 waliokataa kuhudhuria ndoa ya mtawala huyo na Marie Louise wa Austria. Walipigwa marufuku kuvaa mavazi mekundu, ndipo wakaitwa makadinali weusi, na yeye akapelekwa uhamishoni Reims. Ni huko alikoziandika kumbukumbu zake.

Alirudi ofisini mwaka 1814, akaenda kwenye Mkutano Mkuu wa Vienna na kulirejesha karibu Dola lote la Papa, isipokuwa Avignon na sehemu ndogo nyingine. Wanahistoria wengi huuhesabu huo kuwa ushindi wake mkubwa. Ipo sababu ya kupima kwa mizani nyingine. Ardhi aliyoirejesha Vienna mwaka 1815 ilipotea kabisa kufikia mwaka 1870, yaani baada ya miaka 55. Maneno aliyoyapigania Paris yaliutawala uhusiano wa Kanisa na serikali ya Ufaransa hadi mwaka 1905, yaani miaka 104, na mpaka leo mkataba huo unatumika katika eneo la Alsace na Moselle. Sentensi iliyosomwa kwa makini iliishi maradufu ya mipaka iliyochorwa na wafalme.

Mezzofanti: bahari isiyo na bandari

Giuseppe Mezzofanti alizaliwa Bologna. Alipewa upadri mwaka 1797, na mwaka huohuo akaanza kufundisha Kiarabu katika chuo kikuu cha mji huo akiwa kijana wa miaka 23. Muda si muda alipoteza kazi hiyo kwa kukataa kula kiapo cha utii kwa jamhuri iliyoundwa na Wafaransa. Ukata ukambisha hodi, lakini ndicho kipindi kilichomjenga.

Vita vya Napoleon viliijaza Bologna majeruhi kutoka pembe nyingi za Ulaya, na padri huyu kijana alikuwa akiwatembelea hospitalini. Humo alikuta Wahungari, Wajerumani na Waslavi wanaokaribia kufa bila mtu wa kuwasikiliza maungamo yao. Inasimuliwa kwamba aliwaomba wamkaririe sala zinazojulikana na kila Mkristo, na kutokana na sala hizo akapata maneno ya kwanza, kisha sauti, kisha muundo wa sentensi, hadi akaweza kuzungumza nao. Kama kuna mahali ambapo Mezzofanti anastahili kusimamishiwa sanamu na wanaisimu, ni pale kando ya kitanda cha askari asiye na jina. Hapo lugha haikuwa pambo. Ilikuwa haki ya mtu anayekufa.

Sifa zake zilienea. Wageni waliopita Bologna, akiwamo mshairi Byron, walimtafuta na kumshangaa. Mwaka 1831 alitumwa Roma pamoja na wajumbe wa mji wake kwa Papa Gregory XVI, na Papa akamtaka abaki. Mwaka 1833 aliwekwa kuitunza Maktaba ya Vatikani, na mwaka 1838 akafanywa kadinali. Charles William Russell, aliyeandika wasifu wake mwaka 1858, alihesabu lugha 30 ambazo aliziongea kwa ufasaha wa ajabu na uliothibitishwa mara kwa mara. Ukiongeza zile alizozijua kwa viwango vya chini, hadi zile alizozisoma vitabuni tu, jumla inafika 72. Haya yote aliyapata bila kutoka nje ya Italia.

Hapa ndipo maswali yanapoanza. Maisha ya Roma yaliugeuza ujuzi wake kuwa tamasha. Kila mwezi wa Januari, katika chuo cha wamisionari ambako vijana wa mataifa mengi walisomea, palifanyika sherehe ya kukariri tungo katika lugha zao, na kadinali alipita akizungumza na kila mmoja kwa lugha yake. Inasimuliwa pia kwamba siku moja Papa aliwaficha wanafunzi bustanini, nao wakamzuka Mezzofanti na kumsemesha wote kwa pamoja, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Akawajibu mmoja baada ya mwingine. Waliokuwapo walishangilia. Je, lugha hizo zilipata nini siku hiyo?

Jibu ni chungu. Andiko lake lililochapishwa na kujulikana zaidi ni hotuba ya mwaka 1820 ya kumsifu mwalimu wake wa Kigiriki. Hakuacha sarufi. Hakuacha kamusi. Hakuacha hata maelezo kamili ya mbinu zake za kujifunza, jambo ambalo kila mwalimu wa lugha angelipenda kulisoma. Katika maktaba ya Bologna yamehifadhiwa makaratasi yake, yakiwamo vikaratasi vidogo vya kukariria msamiati. Yanatuarifu kwamba alijifunza kwa kurudiarudia kama mwanafunzi mwingine yeyote. Ni ushahidi wenye manufaa, lakini ni vipande vya njia, siyo nyumba.

Mtu atasema kwamba zama zile hazikuwa na mwamko wa isimu. Siyo kweli. Franz Bopp alichapisha ulinganishi wake wa vitenzi vya Kisanskriti na lugha za Ulaya mwaka 1816, na Jacob Grimm akaanza kuchapisha sarufi yake ya Kijerumani mwaka 1819. Champollion aliufumbua mwandiko wa kale wa Misri mwaka 1822. Karibu zaidi na Mezzofanti alikuwapo Angelo Mai, aliyemtangulia kuitunza Maktaba ya Vatikani na kufanywa kadinali mwaka uleule wa 1838. Mai aliigundua chini ya maandishi mengine kazi ya Cicero kuhusu dola, iliyodhaniwa kuwa imepotea, na akaichapisha mwaka 1822. Wawili hao walifanya kazi katika maktaba moja. Mmoja aliiachia dunia kitabu kilichokuwa kimezikwa. Mwingine alizikwa na vitabu ambavyo hakuviandika.

Massaia: sarufi iliyotoka safarini

Lorenzo Massaia alizaliwa katika kijiji cha Piovà huko Piemonte. Alipojiunga na watawa wa Kikapuchini aliitwa Guglielmo. Mwaka 1846 Roma ilimpa uaskofu na kumkabidhi Waoromo wa Ethiopia, ambao wageni wa siku hizo waliwaita kwa jina ambalo wenyewe wanalichukia na ambalo halina haja ya kurudiwa hapa. Alifika Massawa mwaka huohuo. Hata hivyo vita, marufuku na uhasama wa kidini vilimzuia, hivi kwamba aliingia nchi ya Waoromo mwaka 1852, miaka 6 baadaye, baada ya kuzunguka njia ndefu ya Misri na Sudan akijifanya mfanyabiashara kwa jina la kubuni.

Maisha yake huko yalikuwa ya kufukuzwa na kuanza upya. Alifanya kazi Gudru, kisha Kaffa, alikofukuzwa mwaka 1861. Alijulikana sana kwa kuchanja watu dhidi ya ndui. Baada ya kurudi Ulaya kwa miaka michache alikwenda Shewa mwaka 1868, akawa mshauri wa Mfalme Menelik na kupewa ardhi Finfinne, mahali ambapo baadaye palisimama mji wa Addis Ababa. Mwaka 1879 Mfalme Mkuu Yohannes IV aliamuru aondolewe nchini.

Kilicho muhimu kwa makala haya ni jambo alilolifanya alipokuwa Ulaya. Mwaka 1867 alichapisha Paris kitabu cha sarufi ya Kiamhari na Kioromo kilichoandikwa kwa Kilatini kwa ajili ya wamisionari. Siyo sarufi ya kwanza ya Kioromo, na mtaalamu wa leo atakuta mengi ya kuikosoa. Lakini ni kazi ya mtu aliyeisikia lugha ikisemwa sokoni, kwenye ugonjwa na katika mashauri, kisha akaona kwamba kuijua peke yake hakutoshi. Mmisionari wa pili hakupaswa kuanzia pale alipoanzia wa kwanza.

Hapa ndipo Pecci anaporejea. Akiwa Papa Leo XIII, mtu huyo aliyelelewa katika ngazi ya mabalozi alimfanya mtoto wa wakulima kadinali mwaka 1884. Alimtaka pia aandike habari za utume wake. Mzee Massaia alitegemea zaidi kumbukumbu, kwa kuwa maandishi yake mengi yalikuwa yamepotea katika misukosuko ya safari. Zilipatikana juzuu 12 za simulizi ya miaka 35, ambazo uchapishaji wake ulianza mwaka 1885 na kukamilika mwaka 1895, miaka 6 baada ya kifo chake. Mezzofanti alikuwa na maktaba, wino na utulivu kwa miaka mingi. Massaia hakuwa na lolote kati ya hayo kwa sehemu kubwa ya maisha yake, naye ndiye aliyeacha rafu nzima ya vitabu.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba Mezzofanti anaonewa. Wito wake ulikuwa kusikiliza maungamo na kuwafariji wageni, wala hakuahidi kuandika sarufi. Pingamizi hili lina uzito, na ndiyo maana sifa ya hospitali ya Bologna haiwezi kufutwa. Lakini mtu huyo alikuwa profesa kabla ya kuwa kadinali, na uprofesa ni ahadi kwa wasiokuwapo darasani. Elimu bila amali kama nta bila asali. Amali ya Bologna ilikuwapo. Ya Roma ilipungua kadiri makofi yalivyoongezeka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Massaia aliandika sarufi yake kwa Kilatini, lugha ambayo Muoromo wa kawaida hakuijua, na kwa lengo la kuwageuza watu dini yao. Aidha alisaidia kufungua mlango wa uhusiano kati ya Shewa na Italia, nchi ambayo ilikuja kupigana na Ethiopia na kushindwa huko Adwa mwaka 1896. Je, mtu kama huyo afanywe kielelezo kwa msomi wa Kiafrika? Jibu ni kwamba kielelezo ni kitendo, siyo nia yote iliyokizunguka. Chombo kikishaundwa hakimtumikii fundi peke yake. Kosa linalobakia, na ambalo halipaswi kufunikwa, ni la majina. Waoromo waliomfundisha Massaia lugha yao hawakuwekwa kwenye jalada la kitabu. Sarufi ile ilikuwa yao kabla ya kuwa yake. Anayemwiga Massaia leo amwige kwa kuandika, asimwige kwa kuwasahau walimu.

Njia iliyopitia Mombasa

Kisa cha Waoromo kina uhusiano wa karibu na Kiswahili kuliko inavyodhaniwa. Johann Ludwig Krapf, Mprotestanti wa Kijerumani, alikaa Shewa kati ya mwaka 1839 na 1842 akiwa na shauku ileile iliyokuja kumchukua Massaia. Aliandika muhtasari wa sarufi ya Kioromo mwaka 1840. Alipofungiwa njia ya kaskazini aliizunguka pwani na kufika Mombasa mwaka 1844, akitumaini kuwafikia Waoromo kutoka kusini. Hakuwafikia kama alivyotaka. Badala yake alichapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Kiswahili hakikumngoja Krapf ili kiandikwe. Tenzi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu kabla hajazaliwa. Hata hivyo, kamusi na sarufi yake vingali vinafunguliwa na watafiti wa historia ya lugha hii, na lahaja ya Mombasa ya wakati huo inaonekana humo kama kwenye kioo. Lau Krapf angalikuwa na kipaji cha Mezzofanti na desturi yake ya kutoandika, maneno mengi ya kale yangalikuwa yamezama. Nao Waoromo wa Kenya, wakiwamo Waborana na Waorma, ni ndugu wa lugha ya wale waliomfundisha Massaia. Lugha yao ilipata alfabeti rasmi ya Kilatini nchini Ethiopia mwaka 1991 tu.

Hitimisho

Katika idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Kenya, ni nadra kumkuta mwanafunzi asiyejua lugha tatu au nne. Ana lugha ya mama, ana Kiswahili na Kiingereza, ana Sheng ya mtaani, na pengine Kifaransa au Kiarabu. Kwa kipimo cha tamasha, darasa zima ni la akina Mezzofanti wadogo. Swali ambalo mizani ya makadinali hawa inaliuliza ni jingine: darasa hilo litaacha nini?

Nafasi ya Consalvi iko wazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kuipa serikali wajibu wa kukuza na kulinda lugha za jamii mbalimbali. Lugha rasmi ni lugha ya mikataba, hukumu na sheria. Anahitajika mtu wa kuisoma tafsiri ya sheria neno kwa neno, na kukataa kuipitisha kiunganishi kimoja kinapogeuza haki ya raia kuwa hisani ya afisa. Nafasi ya Massaia nayo iko wazi. Zipo lugha za nchini ambazo bado zinangoja sarufi na kamusi za kutegemewa, na wapo wazee wenye istilahi za uvuvi, ususi, mifugo na uganga ambazo hazijaingia katika daftari lolote.

Kwa hivyo pendekezo la makala haya ni dogo na linatekelezeka. Kila tasnifu ya uzamili katika Kiswahili iambatane na zao moja linaloweza kutumiwa na mtu asiyeisoma tasnifu yenyewe: orodha ya istilahi za fani moja, simulizi zilizonakiliwa kwa uaminifu, au matini ya kale iliyohaririwa na kufafanuliwa. Zao hilo libebe majina ya waliolitoa, kwa idhini yao, kabla ya jina la aliyelikusanya. Nakala yake irudishwe kijijini au mtaani lilikotoka. Wahadhiri nao walipime kwa alama, ili lisiwe hiari ya wachache wenye moyo.

Mezzofanti amezikwa katika kanisa la Sant'Onofrio mjini Roma, na lugha zake 72 zimezikwa pamoja naye. Msomi wa Kiswahili hahitaji kuzifikia hizo 72. Ajuaye tatu, akaiachia mojawapo kitabu, ameitumikia zaidi.